Ameshinda au Nimeshinda: Kitenzi Kimoja katika Mapambano ya Kiroho ya Wakristo wa Afrika Mashariki

Wachunguzi wa historia ya Kiswahili wameandika mengi juu ya maneno yaliyotoka Kiarabu, juu ya mjadala wa Kimvita na Kiunguja, na juu ya kazi ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Ni machache yaliyoandikwa juu ya namna Wakristo walivyoitumia lugha hii kusema jambo ambalo kwao lilikuwa zito kuliko yote, yaani kwamba uovu umekwisha kushindwa na Mungu, hata pale ambapo macho hayaoni dalili yoyote ya kushindwa kwake. Makala haya yanakusudia kulifuata jambo hilo kwa njia ya kitenzi -shinda na maneno machache yanayoandamana nacho, tangu tafsiri za kwanza za karne ya 19 hadi Uamsho wa Afrika Mashariki na misukosuko iliyoujaribu. Tutadai kwamba matumaini hayo yalisimama juu ya umbo la kitenzi, hasa kiambishi -me-, na kwamba umbo hilo hilo lililowapa watu nguvu ya kukabili kifo ndilo lililofungua mlango wa majivuno na mafarakano. Hatutaingia katika swali la kama imani hiyo ni ya kweli au la, kwani hilo si la idara ya lugha. Lakini hatuwezi pia kujifanya kwamba maneno haya yalikuwa mapambo ya ibada tu. Watu waliuawa wakiyatamka.

Tuanze na Krapf. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mnamo Juni mwaka huo huo alianza kuutafsiri Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa mji. Mwezi uliofuata mkewe Rosine alikufa kwa homa, na binti yao mchanga akafuata siku chache baadaye. Katika barua aliyowaandikia wakuu wake wa misioni, Krapf alilitaja kaburi hilo kuwa dalili kwamba vita vimeanza katika pwani hii, na kwamba ushindi wa kanisa hupatikana kwa kupita juu ya makaburi ya watu wake. Msomaji wa leo huenda akaona ugumu wa moyo katika maneno kama hayo. Hata hivyo yapasa tuyakumbuke, kwa sababu yanatuonyesha kwamba fikira ya ushindi wa Mungu dhidi ya giza iliingia pamoja na kazi ya lugha tangu mwezi wake wa kwanza, tena iliingia ikiwa imefungamana na msiba.

Sehemu ya tafsiri hiyo iliyotangulia kupigwa chapa, mwaka 1847, katika jarida la chama cha wataalamu wa mambo ya mashariki huko Marekani, ilikuwa sura tatu za kwanza za Mwanzo. Ni nadra jambo hili kupewa uzito unaostahili. Sura ya tatu ndiyo yenye habari za nyoka, na ndani yake mna ile ahadi ambayo wanatheolojia tangu zamani wameihesabu kuwa tangazo la kwanza la Injili: kwamba mzao wa mwanamke atakiponda kichwa cha nyoka. Basi fungu la kwanza kabisa la Biblia kuchapishwa kwa Kiswahili lilikuwa na habari za kuingia kwa uovu duniani na za kuahidiwa kushindwa kwake. Krapf hakulichagua kwa ajili hiyo, bila shaka. Alianza mwanzo kama afanyavyo mtafsiri yeyote. Lakini ndivyo ilivyotokea.

Watafsiri waliomfuata, akina Edward Steere wa Unguja na W. E. Taylor wa Mombasa, hawakuikuta lugha tupu. Waliikuta tayari ina jeshi zima la majina ya nguvu mbaya. Shetani na Ibilisi yalikuwa yamekwisha kukaa pwani kwa karne nyingi pamoja na Uislamu, nayo yalikuja na masimulizi yake: Ibilisi ni yule aliyekataa kumsujudia Adamu. Jini naye alikuwapo, ambaye si lazima awe mwovu. Kwa upande wa Kibantu palikuwa na mzimu, koma na pepo. Neno pepo ni la ajabu, kwani mizizi yake imeshikana na upepo, na mtu aweza kupagawa na pepo na akatarajia kwenda peponi bila kuona mgongano wowote katika usemi wake.

Watafsiri walitwaa karibu maneno hayo yote. Shetani na Ibilisi waliachwa na majina yao, na pepo akaongezewa sifa ya uchafu ili asichanganywe na pepo wengine ambao watu waliishi nao. Aliyejaribu njia nyingine ni Karl Roehl, ambaye Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, baada ya kazi aliyoifanya pamoja na Martin Nganisya na Andrea Ndekeja. Roehl aliazimia kupunguza Kiarabu, na mahali pa Ibilisi akaweka Msengenyaji. Kwa kipimo cha Kigiriki hakukosea, maana neno la asili huhusu yule anayesingizia na kuchongea watu. Lakini msengenyaji tunamjua: ni jirani. Neno lile lilimshusha adui wa wanadamu wote hadi kiwango cha ugomvi wa kisimani, na wala hatushangai kwamba halikuota mizizi. Biblia ya Muungano iliyotolewa mwaka 1952, ikitanguliwa na Agano Jipya la 1950, ilimrudisha Ibilisi kwenye kiti chake.

Mabadiliko makubwa zaidi hayakuwa katika nomino, yalikuwa katika vitenzi. Katika desturi za pwani pepo hupungwa. Kupunga pepo ni kazi ya mganga na wateja wake, yenye ngoma, ubani na mavazi. Pepo huulizwa jina lake na kabila lake, hutaja atakacho, hupewa, na mara nyingi haondoki bali hutulizwa akawa na mahali pake kwa yule aliye kiti chake. Ni mapatano. Tafsiri za Biblia hazikukitumia kitenzi hicho kwa kazi ya Yesu. Zilitumia kutoa na kukemea. Kukemea ni neno la mkubwa kwa mdogo, la mzazi kwa mtoto mtundu, la bwana kwa mtumwa. Asiye na mamlaka hawezi kukemea. Akijaribu, atakuwa anapiga kelele tu. Kwa hiyo Mswahili aliyesikia kwa mara ya kwanza kwamba pepo alikemewa akatoka, alisikia jambo ambalo desturi ya kupunga haikumzoesha: kwamba kati ya pande mbili hizi hapana majadiliano, kwa sababu hazilingani.

Tofauti nyingine imo katika Sala ya Bwana, na inastahili kutajwa kwa kuwa husemwa kila siku na mamilioni ya watu. Katika Biblia ya Muungano ombi la mwisho huomba wokovu kutoka kwa mwovu, yaani nafsi yenye nia. Katika sala waisemayo Wakatoliki mahali hapo pana neno maovuni, lenye kiambishi cha mahali, na kitenzi chake ni kuopoa. Kigiriki chenyewe huruhusu njia zote mbili. Matokeo yake katika Kiswahili ni picha mbili zilizo mbali: katika moja mtu anaokolewa mikononi mwa adui, katika nyingine anaopolewa kama aliyezama majini. Ya kwanza huzaa lugha ya vita, na ya pili huzaa lugha ya unusurika. Uamsho, ambao chimbuko lake lilikuwa la Kianglikana, uliifuata ya kwanza.

Tukirudi sasa kwenye -shinda, tutaona kwamba lugha ilikuwa imewawekea watafsiri hazina ambayo wao wenyewe hawakuiomba. Kushinda ni kumzidi mpinzani nguvu. Kushinda pia ni kukaa tangu asubuhi hadi jioni: mtu hushinda shambani, hushinda njaa, huulizwa ameshindaje. Sidai kwamba asili ya maana hizi mbili ni moja. Hayo niwaachie wenzetu wa isimu linganishi. Lakini katika masikio ya msemaji zinakaa pamoja, na mhubiri mwenye ulimi mzuri huweza kuzichezea. Aliyeshinda na Bwana kutwa ndiye anayeshinda. Hapo ushindi ni kule kubaki hadi jua linapotua.

Halafu kuna -me-. Walimu wetu hukiita kiambishi cha wakati timilifu, nasi tunajua kwamba hakitaji tu kuwa tendo limepita. Hutaja hali iliyopo sasa kwa sababu ya tendo hilo. Aliyesimama jana huenda leo ameketi, lakini amesimama maana yake yuko wima mbele yetu. Katika Injili ya Yohana, usiku ule kabla ya kusulubiwa kwake, Yesu huwaambia wanafunzi kwamba ameushinda ulimwengu, na Kigiriki hapo hutumia wakati timilifu ambao karibu ulingane kabisa na -me-. Maneno hayo yanasemwa kabla ya msalaba, na mtu ambaye saa chache baadaye atafungwa kamba. Mtafsiri wa lugha isiyo na umbo kama hilo hupata taabu mahali hapa. Mtafsiri wa Kiswahili hakupata taabu yoyote. Kinyume chake, pale Paulo anapowaandikia Warumi katika sura ya nane na kutumia kitenzi kilichoongezwa kiambishi cha kupita kiasi mbele ya neno la kushinda, Kiswahili hakina kiambishi cha namna hiyo, na ilibidi maneno kadhaa yaongezwe ili kuufikisha ukali wa neno moja.

Kwa muda mrefu hazina hii ilikaa vitabuni. Misioni ilipotaka kuuonyesha ushindi wa Mungu, iliuonyesha kwa mawe: soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini likawekwa mahali pale pale. Kilichohitajika ili -me- itoke vitabuni iingie vinywani ni watu wenye haja ya kuisema kila siku, juu ya nafsi zao, mbele ya wengine. Watu hao walitokea mbali na pwani.

Habari za Uamsho wa Afrika Mashariki zinajulikana kwa jumla, nasi tutazipitia upesi. Septemba 1929, huko Namirembe, Joe Church, daktari wa hospitali ya misioni ya Gahini nchini Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye cheo na elimu, nao wakasali na kusoma pamoja. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa akitumika Gahini, na Yosiya Kinuka alikuwa mhudumu wa hospitali hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1933, katika mkutano wa sala hapo Gahini, watu walianza kuziungama dhambi zao hadharani. Kigozi alikufa Januari 1936, akiwa kijana, na ujumbe wake wa kuamka ukaenea Uganda yote baada ya kifo chake kuliko wakati wa uhai wake. Mwaka 1937 wahubiri walifika Kenya. Toka hapo moto ukaenda Tanganyika, Burundi na Kongo, ukivuka mipaka ya madhehebu ambayo wamisionari waliilinda kwa uangalifu mkubwa.

Ni vema kukumbuka kwamba wakati huo huo, Ulaya, mwanatheolojia Gustaf Aulén wa Uswidi alikuwa akiwakumbusha wenzake, katika kitabu kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1931, kwamba Wakristo wa kale waliuona msalaba kwanza kabisa kuwa vita ambavyo Kristo alivishinda. Hakuna anayeweza kudai kwamba wakulima na wauguzi wa Gahini walimsoma. Walifika huko kwa njia yao.

Kila lugha ililipa kundi hili jina lake. Waganda waliwaita Balokole, na kutokana na hilo Kiswahili kikapata walokole. Wagikuyu walisema ahonoki. Waluo walisema Joremo, watu wa damu. Wimbo wao wa Tukutendereza Yesu ulibaki katika Luganda hata vinywani mwa watu wasiojua neno jingine la lugha hiyo, ukawa kama salamu ya kutambuana. Kiswahili kilikuwa na kazi nyingine: kilikuwa lugha ya katikati, ambamo Mgikuyu na Mluo, Mtaita na Mchaga waliweza kushuhudia mbele ya umati mmoja. Na ushuhuda huo ulikuwa na umbo ambalo lilikuja kuwa thabiti kama umbo la shairi. Mtu husimama, hutaja jina, husema nimeokoka, hutaja mahali na siku, hutaja dhambi zake kwa majina, hata wizi wa sabuni ya mwajiri, kisha husema namna anavyotembea nuruni leo. Neno ushuhuda lenyewe ni la mahakama na la shahada ya Kiislamu kabla ya kuwa la kanisa. Linatuhusu zaidi kwa sababu shahidi, kama lilivyo neno la Kigiriki ambalo lilitafsiriwa kwalo, ni yule aliyeona na pia ni yule aliyeuawa kwa ajili ya alichokiona.

Maana hiyo ya pili haikukawia. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, mwaka ule ule wa Biblia ya Muungano. Ahonoki wengi wa nchi ya Wagikuyu walikataa kula kiapo. Sababu waliyoitoa ni ya kuangaliwa kwa makini, maana haikuwa ya kisiasa: walisema wamekwisha kuinywa damu ya Kristo, hivyo hawawezi kunywa damu nyingine. Nayo ni hoja ya -me-. Kiapo kimoja kimekamilika, hapana nafasi ya kingine. Wengine wao walikataa vile vile kupewa bunduki na serikali na kuingia katika jeshi la walinzi wa vijiji, na kwa hiyo wakabaki bila mlinzi kwa upande wowote. Waliuawa wengi.

Hapa mwanahistoria hana budi kwenda polepole. Serikali ya kikoloni na baadhi ya wamisionari walikuwa wepesi kulitumia jina la Shetani kwa vuguvugu lote la kudai ardhi na uhuru, na lugha ya mapambano ya kiroho iliwafaa sana kuficha swali la nani ameichukua ardhi ya nani. Katika kambi za vizuizi watu walilazimishwa kuungama viapo vyao. Kitenzi hicho kilitwaliwa kutoka kanisani kikapewa mijeledi. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola. Ikiwa uovu ulikuwa unapambana na Mungu katika Kenya ya miaka ile, basi haukuwa umekaa msituni peke yake, na yeyote asomaye shuhuda za wakati huo anapaswa kuuliza ni uovu upi uliotajwa kwa jina na upi ulioachwa bila jina.

Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye hakuwa rafiki wa kanisa na aliliambia hivyo Baraza Kuu la Kanisa la Presbiteri huko Nairobi mwaka 1970, aliliona jambo hili wazi kuliko wanahistoria wengi. Katika riwaya yake ya 1964, Weep Not, Child, mwalimu Isaka ni mtu wa Uamsho, naye anauawa na askari wa kizungu wanaomshuku kuwa ni mtu wa msituni. Katika A Grain of Wheat ya 1967, mchungaji Jackson naye amejiunga na Uamsho, na wanaomuua ni wapiganaji wa uhuru. Mwandishi mmoja, vifo viwili, kutoka pande mbili. Sijui uthibitisho mwingine wa kubuni unaoeleza vizuri zaidi jinsi ahonoki walivyosimama mahali pasipo na kivuli.

Huko Murang'a lilijengwa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote kuwakumbuka waliouawa. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher. Mchoraji Elimo Njau, Mchaga wa Kilutheri, aliipamba kuta yake kwa picha tano alizozimaliza mwaka 1959: kuzaliwa, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Yesu ni Mwafrika, na milima na migomba ni ya nchi ile ile. Anayetazama kwa jicho la makala haya ataona kwamba ufufuo haukuchorwa. Mfululizo unakomea msalabani, katika kanisa lililojengwa kwa ajili ya watu waliosema kwamba Yesu ameshinda. Wala hakuna upungufu hapo. Ni sarufi ile ile ya Injili ya Yohana: neno la ushindi linatamkwa kabla mwili haujashushwa mtini.

Tumesema kwamba umbo hili lilikuwa na hatari zake. Ziko katika mnyambuliko. Okoa humtaja mtendaji: Yesu ameniokoa. Okolewa humweka nyuma lakini humwachia nafasi: nimeokolewa na Yesu. Okoka humfuta kabisa. Nimeokoka ni sentensi kamili isiyomhitaji Mungu ndani yake. Ni hali ya msemaji, kama nimechoka au nimepona. Sisemi kwamba walokole walimsahau Mungu, la hasha, kwani ushuhuda uliobaki ulimtaja kwa wingi. Nasema kwamba sentensi waliyoichagua kuwa alama yao ilikuwa sentensi juu yao wenyewe, na kwamba ilikuwa rahisi kutoka ameshinda hadi nimeshinda, na kutoka nimeshinda hadi wewe hujashinda.

Dalili zilionekana mapema. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono walifukuzwa, miongoni mwao William Nagenda, baada ya ugomvi juu ya ibada zao za alfajiri na mahubiri yao yaliyowashutumu walimu. Mtu anaweza kuwatetea: walimu wenyewe hawakuwa na subira. Lakini ugomvi wa Nyanza ni mgumu zaidi kuutetea. Huko Waanglikana Waluo waligawanyika kati ya Joremo na Johera, watu wa damu na watu wa upendo, majina mawili ambayo kila moja lilimlaumu mwenzake kwa kile alichokuwa amekikosa, na mwaka 1957 Johera wakiongozwa na Matthew Ajuoga wakatoka na kuunda Kanisa la Kristo Afrika. Katika Uganda ya miaka ya 1970 kundi la Yona Mondo liliona hata waliookoka wamelala tena, likawataka waamke mara ya pili, na miongoni mwa masharti likaweka kutokuwa na deni. Kila mara swali lilikuwa moja: ikiwa uovu umekwisha kushindwa ndani yangu, yaani kwa -me-, mbona bado naona alama zake kwako?

Jaribio kubwa kuliko yote lilikuja Rwanda. Mwaka 1994, kwa muda wa siku 100 hivi, watu wapatao 800,000 waliuawa katika nchi ambamo Uamsho ulizaliwa, na wengi wao waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Wapo walokole waliokufa kwa kukataa kuwatenga ndugu zao, na majina yao hukumbukwa. Wapo pia viongozi wa kanisa walionyamaza, na wengine waliofanya zaidi ya kunyamaza. Mtu akiyasoma mahubiri ya miaka ya 1930 baada ya kujua haya, hawezi kuyasoma kama zamani. Shuhuda za Gahini zilijua kutaja sabuni iliyoibwa. Hazikuwa na msamiati wa kutaja chuki iliyokuwa ikipangwa kwa vitambulisho na vyeo. Jambo lile lile tuliloliona Kenya, la uovu ulioachwa bila jina, hapa lilizaa maangamizi.

Kwa upande mwingine kuna Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, akawa Askofu Mkuu mwaka 1974, akauawa tarehe 16 Februari 1977 kwa sababu aliutaja uovu wa serikali ya Idi Amin kwa jina, katika barua ya maaskofu. Serikali ilisema ni ajali ya gari. Kaburi lililochimbwa Namirembe lilibaki tupu, kwani mwili ulipelekwa kuzikwa Mucwini, kwao. Mwenzake Festo Kivengere, aliyetorokea ng'ambo, alitoa kitabu mwaka ule ule ambacho jina lake kwa Kiingereza husema kwamba anampenda Idi Amin. Kichwa hicho kiliwaudhi wengi, na hakika ni kigumu kukimeza. Lakini ndicho kinachofuata kwa haki kutoka katika ameshinda. Anayeamini kwamba adui wa kweli amekwisha kuangushwa hana haja ya kumchukia aliyebaki akipigana kwa ajili yake.

Miaka ya karibuni umbo jingine limelisukuma lile la Uamsho pembeni. Katika mikutano ya Kipentekoste, na sasa hata sokoni na ndani ya matatu, neno linalosikika ni ashindwe. Shetani ashindwe, pepo ushindwe. Kitenzi ni kile kile, ila kimenyambuliwa kwa kauli ya kutendwa na kuvikwa -e ya amri na matakwa. Si taarifa tena juu ya jambo lililotendeka. Ni agizo linalongoja kutekelezwa, na agizo lisipotekelezwa hutolewa tena kwa sauti kubwa zaidi, usiku kucha. Vijana hulitumia kwa mzaha, mwenzao akikataa kuwalipia chai. Wazee wa Uamsho waliosikilizwa wakishuhudia katika Kiswahili cha mikutano hawakuwa na mazoea ya kumwambia Shetani neno lolote. Walimsema yeye mbele ya Mungu, kwa nafsi ya tatu, na kwa wakati timilifu.